Sauti za Motokaa: Namna ya Kuzitambua na Kuzizuia Wakati wa Kuwasha na wa Kufunga Breki



Mhariri wa kurasa hizi za Kiswahili ameniomba niandike somo juu ya motokaa. Wengi wa wanafunzi wa zamani wana magari yao sasa, nanyi mlio bado madarasani hamtakawia kushika usukani. Lakini motokaa ni chombo kikubwa, wala haiwezekani kuieleza yote katika kurasa chache. Kwa hiyo nimechagua jambo moja tu, nalo ni sauti: zile sauti zisizo za kawaida ambazo gari hutoa linapowashwa na linapofungwa breki. Nimezichagua nyakati hizo mbili kwa sababu ndizo nyakati ambazo vyuma vya gari hubebeshwa mzigo mzito kwa ghafula. Kitu kilicholegea au kilichochakaa huweza kujificha gari likienda polepole katika barabara tambarare. Mzigo wa ghafula ukija, hakiwezi kujificha tena.

Kazi yangu ni ufundi wa magari hapa Mbale. Katika kazi hiyo nimeona kwamba madereva wengi husikia sauti mapema kabisa, ila hawajui waulize nini juu yake. Wengine hungoja iishe yenyewe. Wengine huongeza sauti ya redio. Nia yangu ni kwamba, ukimaliza somo hili, uweze kufanya mambo matatu: kuisikiliza sauti kwa utaratibu, kukisia chanzo chake, na kujua ni sauti ipi inayokuruhusu kuendelea na safari na ni ipi inayokuamuru kusimama.

1. SAUTI HUTOKA WAPI?

Mwalimu wa Fizikia amekwisha kuwafundisha kwamba sauti ni mtikisiko. Ukisugua ukingo wa bilauri kwa kidole kilicholowa maji, bilauri huimba. Sababu yake ni kwamba kidole hakitelezi sawasawa. Hushika, kikaachia, kikashika tena, mara nyingi sana katika sekunde moja. Upinde wa endingidi hufanya vivyo hivyo juu ya uzi wake. Basi pedi ya breki inaposhika diski huweza kufanya vivyo hivyo pia, na mtikisiko ukizidi mara 1,000 kwa sekunde, sikio husikia ule mlio mwembamba unaokera meno.

Mimi huzigawa sauti za gari katika jamaa nne:

Mlio mwembamba: vitu viwili vinasuguana huku vikiteleza.
Mkwaruzo: chuma kinakula chuma.
Mgongano: pana nafasi mahali pasipotakiwa nafasi, yaani kitu kimelegea au kimelika.
Mvumo: kitu kinachozunguka hakizunguki vema, kama vile beringi iliyokwisha.

Ukijua jamaa ya sauti, umekwisha kupata nusu ya jibu.

2. MASWALI MANNE

Daktari hampi mgonjwa dawa kabla ya kumwuliza maswali. Fundi naye, na dereva pia, hapana budi aulize haya manne.

La kwanza: Lini? Je, ni wakati wa kugeuza ufunguo, au baada ya injini kuwaka, au wakati wa kuondoka, au wakati wa kukanyaga breki? Ni asubuhi tu, au mchana kutwa?

La pili: Wapi? Mbele au nyuma, kushoto au kulia? Yafaa mtu wa pili asimame nje asikilize, kwa maana ndani ya gari sauti hupita katika bodi na kudanganya sikio.

La tatu: Ni ya jamaa gani katika zile nne?

La nne: Inafuata nini? Gari likiwa limesimama na breki ya mkono imefungwa, ongeza mwendo wa injini kidogo. Sauti ikiongezeka pamoja na injini, chanzo kipo upande wa injini. Ikiwa husikika tu magurudumu yanapozunguka, tafuta katika magurudumu, ekseli na breki.

Andika majibu katika karatasi kabla ya kwenda kwa fundi. "Gari langu linapiga kelele" ni maneno yatakayomfanya fundi afungue vitu vingi, na kila anachokifungua utakilipia. "Linalia mbele kushoto, mlio mwembamba, nikikanyaga breki taratibu, tangu juma lililopita" ni maneno yatakayompeleka moja kwa moja penye ugonjwa.

3. WAKATI WA KUWASHA

Zamani injini iliwashwa kwa hendeli ya chuma iliyozungushwa kwa mkono mbele ya gari, na wengi waliumia mikono injini iliporudi nyuma. Stata ya umeme iliyobuniwa na Mmarekani Charles Kettering ilianza kuuzwa katika magari ya Cadillac ya mwaka 1912, na kazi yake haijabadilika sana tangu hapo.

Ukigeuza ufunguo, umeme mdogo huenda kwenye solenoidi. Solenoidi hufanya kazi mbili kwa pamoja: huisukuma gia ndogo ya stata ishikane na meno ya flaiwili, na huunga njia kubwa ya umeme kutoka betri hadi stata. Gia ndogo ina meno yapata 10, na flaiwili ina meno zaidi ya 100. Kwa hiyo stata huzunguka mara kumi na zaidi ili injini izunguke mara moja. Kazi hiyo hula umeme mwingi. Taa moja ya mbele yenye wati 55 hutumia chini ya ampia 5, lakini stata huweza kutumia ampia 100 na zaidi. Ndiyo maana betri inayowasha taa vizuri huenda isiweze kuwasha injini.

Sasa tuzitazame sauti zenyewe.

(a) Ka-ka-ka-ka ya haraka, injini haizunguki. Betri ni dhaifu au vichwa vyake vina uchafu. Solenoidi huvuta, mara ile nguvu ya betri huanguka, solenoidi ikaachia, nguvu ikarudi, ikavuta tena. Tazama kwanza vichwa vya betri kabla ya kununua betri mpya. Ukiona unga mweupe au wa kijani, fungua waya wa hasi kwanza, safisha kwa maji ya uvuguvugu yenye magadi ya kuokea, kausha, ukaze. Usivute sigara wala kuwasha kibiriti hapo, kwa kuwa betri hutoa gesi ya hidrojeni inayolipuka. Mwenye mita ya umeme na apime: betri nzuri ya volti 12 iliyopumzika huonyesha volti 12.6 hivi, ikionyesha 12.2 imebaki nusu tu. Stata inapozunguka, betri isishuke chini ya volti 9.6. Injini ikisha kuwaka, magari mengi huonyesha kati ya 13.8 na 14.5, pungufu ya hapo, shaka iende kwa alteneta na mkanda wake.

(b) Tak! moja, kisha kimya. Washa taa za mbele, ukageuze ufunguo. Taa zikififia sana, rudi kwenye betri na nyaya zake. Zikibaki kung'aa, umeme haufiki katika stata, na aghalabu vigusio vya solenoidi vimeungua.

(c) Wiii, stata inazunguka peke yake na injini imetulia. Gia ndogo haishikani na flaiwili, au klachi yake ndogo imekwisha. Ni kazi ya kuishusha stata.

(d) Krrr, mkwaruzo wa meno. Meno ya gia ndogo au ya flaiwili yamelika, au bolti za stata zimelegea. Hapa pana jambo la kustaajabisha. Injini ya silinda nne ikizimwa aghalabu husimama katika sehemu mbili zilezile, na kwa hiyo meno ya flaiwili huliwa zaidi katika sehemu hizo mbili. Ndiyo maana gari huweza kukwaruza leo, kesho likawaka vizuri, na mwenyewe akadhani limepona. Halikupona, limesimama tu penye meno mazima. Tena, usigeuze ufunguo kama injini imekwisha kuwaka. Magari mengine yana kizuizi cha kosa hilo. Mengi ya zamani hayana.

(e) Mlio mwembamba mara tu injini inapowaka, kisha hupungua. Huo ni mkanda wa alteneta uliolegea au uliochakaa. Hulia wakati huo kwa sababu alteneta inairudishia betri umeme uliotumiwa na stata, na mzigo wake ni mkubwa. Watu wengine hupaka mkanda sabuni ili unyamaze. Mkanda utanyamaza, lakini utaendelea kuteleza, betri haitajaa, na katika magari ambayo mkanda huo huzungusha pampu ya maji injini itapata joto.

(f) Kugonga kwa injini asubuhi. Kugonga kwa sekunde moja au mbili, mafuta yakiwa bado hayajapanda juu, ni jambo la kawaida katika injini nyingi zilizotumika. Lakini kugonga kukiendelea, au taa nyekundu ya mafuta isipozimika, zima injini mara moja upime mafuta. Usiseme, "Nitafika kwanza." Injini isiyo na mafuta huharibika kwa dakika chache. Ikiwa ni mlio mdogo wa tik-tik unaokwisha injini ikipata joto, huenda gasketi ya bomba la moshi imepasuka. Chuma kikipanuka huuziba ufa. Usipuuze hilo pia, kwa kuwa moshi ule una gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huweza kuingia ndani ya gari.

Kuna na sauti za kuondoka. Mgongano mmoja, ngo! unapoachia klachi, hutoka aghalabu katika mipira inayoishikilia injini au katika jointi za shafti. Na gari linalovutwa na magurudumu ya mbele likipiga ka-ka-ka usukani ukiwa umekatwa wote, tazama mfuko wa mpira wa jointi ya ekseli. Ukipasuka, grisi hutoka na vumbi la murramu huingia, na jointi huliwa upesi.

4. WAKATI WA KUFUNGA BREKI

Kelele za breki zina umri sawa na breki zenyewe. Mwaka 1902 Mwingereza Frederick Lanchester alipewa hati ya uvumbuzi wa breki ya diski. Pedi zake zilikuwa za shaba, na zilipobana diski zilipiga ukelele usiovumilika. Mwaka 1907 Mwingereza mwingine, Herbert Frood, alishauri pedi zivikwe asbestosi, na kelele zikapungua sana. Kwa miaka mingi asbestosi ikawa ndiyo ngozi ya breki, mpaka ikajulikana kwamba vumbi lake huleta saratani ya mapafu. Uingereza iliipiga marufuku mwaka 1999. Kwa kuwa huwezi kujua kwa macho breki ya zamani ina nini ndani yake, usipulize vumbi la breki kwa mdomo wala kwa hewa ya pampu. Lifute kwa kitambaa chenye maji.

Sauti za breki ni hizi:

(a) Mkwaruzo mwepesi wa asubuhi baada ya mvua, unaokwisha ukifunga breki mara mbili tatu. Ni kutu nyembamba juu ya diski. Endelea na safari.

(b) Mlio mwembamba unaorudi kila siku. Hapa sikiliza vema. Watengenezaji wengi wa pedi huweka makusudi ulimi mdogo wa chuma pembeni. Pedi ikiwa nene, ulimi haugusi kitu. Pedi ikilika na kubaki milimita 2 au 3, ulimi hugusa diski na kulia. Katika magari mengine hulia breki ikikanyagwa; katika mengine hulia gari linapokwenda na kunyamaza breki ikikanyagwa. Kwa hiyo mlio huo si ubovu, ni shahidi aliyewekwa hapo akuambie, "Wakati umefika." Ni kweli kwamba pedi nzima nayo huweza kulia kwa sababu ya vumbi, au kwa kuwa uso wake umeungua ukawa kama kioo. Kuhukumu kati ya mawili haya usitumie sikio, tumia rula. Ngozi ya pedi mpya ina milimita 10 hadi 12 hivi. Ikifika 3, ibadilishe. Na siku zote badilisha pande zote mbili za ekseli moja, la sivyo gari litavuta upande mmoja.

(c) Mkwaruzo mzito, kwaruu! Ngozi imekwisha, na bamba la chuma linakata diski. Simama. Gari hili halistahili kubeba mtu, hata kwa safari fupi.

(d) Mgongano mmoja kila unapokanyaga. Huenda pedi inacheza mahali pake, au bushi za mikono ya magurudumu zimekwisha, au bolti za kalipa zimelegea. Hili la tatu ni la hatari kuu, kwa hiyo anza nalo.

(e) Mguu unatikisika na sauti inakuja kwa mapigo, polepole gari likipunguza mwendo. Diski haina unene sawa, au ngoma ya breki imepoteza mviringo wake. Sababu mojawapo ni kukaza nati za gurudumu bila kipimo, moja sana na nyingine kidogo.

(f) Mngurumo na mtetemo wa ghafula chini ya mguu katika njia ya utelezi. Ikiwa gari lina breki za ABS, hiyo ni kazi yake ya kawaida: huachia na kushika gurudumu mara nyingi kwa sekunde ili lisisimame na kuteleza. Usiondoe mguu. Wengi huogopa sauti hiyo, wakaachia breki wakati ule ule wanaoihitaji.

(g) Sss! Sauti ya hewa kwenye pedali, na mguu umekuwa mzito. Chombo kinachosaidia mguu kusukuma breki kinavuja. Kipeleke kwa fundi siku hiyo hiyo.

Breki za ngoma, zilizo nyuma katika magari mengi, kwa kawaida hazina ulimi wa kulia. Hizo hazitakuambia kitu mpaka viatu vyake vimekwisha. Dawa yake ni kuzifungua na kuzitazama kwa ratiba.

5. SHAHIDI ALIYEFUNGWA MDOMO

Nitatoa mfano mmoja kutoka katika kazi yangu, maana unaonyesha mambo yote niliyoyasema.

Dereva mmoja wa teksi ya abiria 14 aliniletea gari libadilishwe mafuta ya injini. Nikamwuliza, kama ilivyo desturi yangu, kama amesikia sauti yoyote. Akajibu, "Fundi, ilikuwapo kelele gurudumu la mbele la kushoto. Kijana mmoja pale stendi aliimaliza kwa dakika tano." Nikauliza aliimaliza kwa dawa gani. Hakujua. Nikamwomba ruhusa nilifungue gurudumu.

Ulimi wa pedi ulikuwa umekunjwa kwa koleo, umeelekea juu, usiweze kugusa diski tena. Pedi ya nje ilikuwa na ngozi nusu. Pedi ya ndani haikuwa na ngozi hata kidogo; bamba lake lilikuwa limechimba mifereji katika diski. Sababu ilikuwa wazi: pini za kalipa, ambazo kalipa huteleza juu yake, zilikuwa zimekauka na kushika kutu, kwa hiyo pedi ya ndani ndiyo iliyofanya kazi ya pedi mbili. Mtu aliyechungulia kwa nje bila kufungua angeiona ile pedi ya nje na kusema breki ni nzima.

Nikamwuliza kama hakusikia mkwaruzo. Akasema, "Nilisikia siku mbili hizi, nikadhani ni kokoto."

Gari lilikuwa lipande Kapchorwa alasiri ile na kurudi usiku. Akanisihi, "Fundi, rudisha tu gurudumu, abiria wamekwisha kukaa. Kesho nitakuletea." Nikamwambia, "Ndugu yangu, kulirudisha naweza, lakini nikilirudisha nitakuwa nimekuteremsha mlima ule kwa breki za magurudumu matatu, na hilo la nne litakuvuta pembeni." Alikasirika, akahesabu fedha atakazokosa siku hiyo, kisha akawaita abiria kwa simu wapande gari jingine. Alinunua diski mbili na pedi nne. Kama angekuja siku ya kwanza ya mlio, angenunua pedi peke yake, na pini zingetaka grisi kidogo tu.

Msomaji, angalia kwamba yule kijana wa stendi hakusema uongo. Kelele ilikwisha kweli. Kilichobaki ni ubovu, nao sasa haukuwa na wa kuusemea. Hili ndilo neno kuu la somo langu: kuondoa sauti si kuondoa chanzo chake. Sabuni juu ya mkanda, koleo juu ya ulimi, redio juu ya masikio, yote hayo ni kumfunga shahidi mdomo.

6. HATARI ISIYO NA SAUTI

Kwa nini niliushikilia mlima? Tufanye hesabu. Kapchorwa iko juu kuliko Mbale kwa mita 600 na zaidi. Teksi na abiria wake tuseme ni kilo 2,500. Nguvu inayopaswa kuondolewa katika kuteremka mita 600 ni 2,500 × 9.8 × 600, yaani jouli 14,700,000. Kulisimamisha gari hilo hilo mara moja kutoka mwendo wa kilomita 80 kwa saa ni jouli 617,000 hivi. Kwa hiyo kuteremka kule kwa breki peke yake ni kama kulisimamisha gari mara 24 kutoka kilomita 80. Joto hilo latosha kuchemsha zaidi ya lita 40 za maji, yaani madebe mawili ya lita 20. Sehemu ya nguvu hiyo huchukuliwa na upepo na matairi. Iliyobaki ama itachukuliwa na injini, ama itaingia yote katika breki.

Breki zikipata joto la kupita kiasi, pedi hupoteza mshiko. Mafuta ya breki nayo huweza kuchemka. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 205 za Sentigredi; lakini mafuta hayo hunywa unyevu wa hewa, na yakisha kuunywa kiwango chake huweza kushuka hadi nyuzi 140. Yakichemka hutoa mvuke, mvuke hubanwa kama mpira, na pedali huzama hadi sakafuni.

Haya yote hutokea kimya kimya. Hakuna mlio wala mkwaruzo. Kuna harufu ya kuungua tu, na pedali inayokuwa laini. Ukiona dalili hizo, ingia gia ndogo, tafuta mahali pa salama usimame, na uache breki zipoe zenyewe; usizimwagie maji, kwa maana diski ya moto huweza kupasuka. Na kanuni ya mteremko ni hii: ingia gia ndogo kabla hujaanza kuteremka, si katikati, injini ikushikilie gari, na breki uzitumie kwa vipindi.

Kwa kuwa hatari nyingine hazina sauti, tusizipoteze zile chache zenye sauti.

7. KINGA

Kila asubuhi: washa injini redio ikiwa imezimwa, usikilize kwa dakika moja. Tazama taa ya mafuta na ya betri zimezimika. Kanyaga breki kabla ya kutoka uani.

Kila juma: pima mafuta ya injini na ya breki. Mafuta ya breki yakishuka, usiongeze tu. Huenda pedi zimelika au pana mvujo. Tazama vichwa vya betri.

Kila unapobadilisha mafuta ya injini: pima pedi zote kwa rula, za ndani na za nje. Bonyeza mkanda uone kama umelegea au una nyufa. Safisha pini za kalipa na kuzitia grisi ifaayo ya breki. Grisi isiguse kamwe uso wa pedi wala wa diski.

Kila miaka 2: badilisha mafuta yote ya breki.

Na siku zote: usiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Tia stendi, na kabari katika magurudumu.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika magari, ufa huanza kwa kulia.

MASWALI

1. Gari linatoa ka-ka-ka-ka ya haraka likiwashwa, na taa za mbele zinafifia. Taja vitu viwili vya kutazama kabla ya kununua betri.

2. Kwa nini mkanda wa alteneta hulia zaidi mara tu injini inapowaka kuliko baada ya nusu saa?

3. Pedi ya nje ina milimita 6 na ya ndani ina milimita 1. Ni kitu gani kinachoshukiwa? Je, yatosha kubadilisha pedi peke yake? Toa sababu.

4. Katika hesabu ya mteremko tulitumia gari la kilo 2,500. Onyesha kwamba ile idadi ya mara 24 haibadiliki hata gari likiwa la kilo 1,000 au lori la kilo 10,000. Kisha eleza kwa nini, ingawa idadi ni ile ile, lori lahitaji breki kubwa zaidi.

5. Muulize dereva mmoja unayemfahamu ni sauti gani aliyoisikia mara ya mwisho katika gari lake. Mpe yale maswali manne, andika majibu yake, na ukisie chanzo. Kisha mwende pamoja kwa fundi, mwone kama mlikisia sawa.